Mizinga Iko Juu: Tupande kwa Ngazi Gani?



Vikundi vingi vya kufuga nyuki, hasa Ukambani, Tharaka na Mbeere, bado vina mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti. Ni urithi wa wazee wetu na asali yake ni nzuri. Lakini mwanamume akianguka kutoka matawini, hata kama hakufa, karo ya watoto inaanguka pamoja naye. Kwa hivyo ngazi na kamba si mambo ya vijana peke yao. Ni ajenda ya mkutano, na mweka hazina awepo.

Kwanza mti wenyewe. Mwembe una mbao ngumu na matawi yake hubeba mtu vizuri. Mparachichi ni kinyume, tawi nene linakatika bila kukupa habari. Mukima nao (wengine huuita mubariti) matawi yake huvunjika upesi hata kwa upepo. Mti wenye tawi kavu, uyoga shinani au sauti ya mtungi ukiugonga, uacheni. Na mvua ikinyesha, subirini gome likauke. Asali haikimbii.

Sasa vipandio. Kuna watu hupigilia misumari ya inchi sita na kuiita ngazi. Hiyo si ngazi, ni mtego. Msumari unapinda, unapata kutu, na mguu ukiteleza unakuchana. Tena siku ya kuuza mti, mwenye msumeno akisikia kuna chuma ndani atapunguza bei au akatae kabisa. Wengine huacha visiki vya matawi wanapopogoa mukima ili wavitumie kama ngazi. Mwaka wa kwanza vinashika, baadaye vinaoza kutoka ndani huku nje vikionekana vizima. Usikanyage kisiki kabla ya kukipiga teke, na hata hapo kanyaga karibu na shina, si nchani.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupigilia vigingi vya miti katika mbuyu wakifuata asali. Mbuyu una mwili laini na gome lake hujiponya, ndiyo maana inawezekana. Msiige hivyo kwa kila mti. Wagema wa Pwani hukata mapengo ya kuweka vidole vya miguu kwenye mnazi, na mnazi hauponi kidonda, pengo linabaki maisha yote ya mti.

Kwa kikundi chenye pesa kidogo, ngazi ya mbao ndiyo bora. Chagueni mbao kavu zisizo na mafundo. Vidaraja vikae umbali wa sentimita 30, na viingizwe ndani ya mbao za pembeni, si kupigwa misumari tu juu juu. Ngazi ikifika mita 4 juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka shinani. Mtu mmoja aishike chini mpaka mwingine afunge kichwa cha ngazi kwenye mti. Hapo ndipo wengi wanaumia, kwa sababu shina ni la mviringo na ngazi huzunguka. Vidaraja vitatu vya juu si vya kusimama.

Mti ukiwa mrefu zaidi, fundi wa jua kali anaweza kutengeneza ngazi fupi fupi za bomba moja lenye vikanyagio pande mbili, kila moja kama urefu wa mita 1, za kufungwa kwenye shina kwa mikanda, moja juu ya nyingine. Wawindaji wa kulungu kule Marekani hupanda hivyo, kisha huketi ndani ya mshipi mpana uliofungwa kwenye shina, miguu ikiwa juu ya kijukwaa kidogo kama sinia. Sisi uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, hatuhitaji yote hayo. Lakini ngazi zao zinafaa, mradi mwenyekiti asikubali kulipa kabla ya kila kikanyagio kujaribiwa: kifungeni kwenye mti usawa wa goti, mtu mzito wa kikundi apande na arukeruke. Chuma kilichochomelewa vibaya kitajulikana hapo chini, si juu.

Hata hivyo, mkiwa na pesa za kitu kimoja tu, nunueni kamba na mshipi kabla ya ngazi nzuri. Kamba ya katani iacheni kwa mbuzi, inaoza kwa unyevu. Ile manila ya plastiki ya sokoni inaharibiwa na jua na haifai kubeba mtu. Tafuteni kamba ya nailoni iliyosukwa, iliyotengenezwa kwa kazi ya kupanda, na mshipi wenye vitanzi vya mapaja. Mshipi wa kiuno peke yake unaweza kukuzuia usifike chini, lakini unakubana tumbo na pumzi.

Kamba ziwe mbili. Mmoja wenu atauliza, mbili za nini? Ya kwanza inazunguka shina kama ile ya mafundi wa nguzo za stima, unaisogeza ukipanda. Ukifika kwenye tawi haiwezi kupita. Basi unafunga ya pili juu ya tawi, ndipo unafungua ya kwanza. Kama una moja tu, mahali pagumu kuliko pote ndipo unabaki bila kamba. Na nyuki wakikushambulia ukiwa umefungwa, hutaruka kwa hofu.

Asipande mtu peke yake. Aliyening'inia kwenye mshipi bila kusonga anaweza kufa kwa muda mfupi hata kama hana jeraha, kwa hivyo wa chini ajue kumteremsha, na hilo lifanyiwe mazoezi mchana. Usiku tumieni tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, maana nyuki hawaoni rangi hiyo vizuri.

Je, dungu la kusimama juu? Kwa maoni yangu, mara nyingi halihitajiki. Debe la lita 20 likijaa asali lina uzito wa kilo 28 hivi, si 20 kama maji. Ongeza watu wawili, na dungu la fito limelemewa. Afadhali kupitisha kamba kwenye kile kigurudumu cha kisimani, mkateremsha mzinga mzima na kurina chini. Mkilazimika kujenga dungu, liketi kwenye panda ya mti, lifungwe kwa kamba na si waya, na mlilegeze kila mwaka kwa sababu mti unanenepa na kifungo huukaba.

Mizinga mipya isipande juu tena. Ile ya mabapa ya juu, iliyobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, inaning'inia kwa waya usawa wa kiuno, na kina mama wanarina bila kumngoja kijana wa kukwea. Ile ya zamani teremsheni moja moja, mkianza na ile iliyo kwenye mti mbaya zaidi.