Mwana Kupona Asivishwe Buibui

Mwigizaji akisimama peke yake Kibera au Kawangware kutuonyesha mabibi waliotajika zamani, nguo yake ndiyo inayotangulia kusema. Basi nguo hiyo na iwe ya kweli.

Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasiwatii Waingereza, avae hando. Hapo hapana mzozo. Mzozo uko kwa Mwana Kupona binti Msham. Wengi watamvisha buibui na leso, ati ndiyo heshima ya Mwislamu wa pwani. La! Bibi huyu alifariki karibu mwaka 1860, kabla mavazi hayo hayajaenea kwetu. Katika karne ile mabibi wa kiungwana wa Lamu walipita njiani ndani ya shiraa, mfano wa hema ya kitambaa, iliyobebwa na watumwa. Ukileta buibui, umewaficha na hao watumwa. Vijana wawili wa mtaani washike kitambaa juu ya miti, yatosha.

Maneno yapo tayari. Utendi wake wa 1858 ni usia wa mama mgonjwa kwa bintiye, Mwana Hashima: mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Na Kibera, walikokaa Waislamu Wanubi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hakutakosekana binti wa kuketi mbele akausiwa.