Saratani Vijijini (2): Koo la Chakula na Vifo Visivyoandikwa

Wiki iliyopita tulizungumzia saratani ya mlango wa kizazi. Leo tuiangalie ile ambayo watu wa nyanda za juu wanaifahamu kwa dalili zake kuliko kwa jina: nyama inakataa kupita, baadaye ugali, kisha uji, mwishowe hata mate. Ni saratani ya umio, yaani koo la chakula.

Ugonjwa huu umeshika upande wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia magharibi ya Kenya, Kilimanjaro na Malawi, hadi Eastern Cape nchini Afrika Kusini. Huko Bomet, kaunti ya wakulima wa chai na wafugaji, Hospitali ya Tenwek imekuwa ikipokea wagonjwa wake kwa miongo mingi, wengine wakiwa hawajafikisha hata miaka 30. Umri huo unatisha, maana Ulaya na Marekani huu ni ugonjwa wa wazee.

Mbona wengi hawaponi? Umio hutanuka. Uvimbe hukua ndani yake bila maumivu huku chakula kikiendelea kupita, na siku tonge linapokwama, mara nyingi saratani imekwisha kupenya ukuta wa umio na kufika kwenye tezi. Upasuaji wakati huo huwafaa wachache. Kinachobaki ni kuingiza mrija wa nyaya zilizosukwa, ambao hujitanua wenyewe kooni na kuusukuma uvimbe pembeni. Mgonjwa aliyekuja na kopo la kutemea mate huondoka akinywa uji. Mrija hauponyi. Humwezesha kula pamoja na watu wake kwa miezi iliyosalia, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Kwa kuwa walio wengi hufariki, idadi ya vifo huikaribia sana idadi ya wagonjwa, na njia ya kweli ya kuvipunguza ni kuuzuia ugonjwa usianze. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Watafiti waliopima chai ya maziwa katika vijiji vya Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70. Inatoka kwenye sufuria inayochemka, inamiminwa kikombeni, inapulizwa kidogo na kunywewa. Tumbaku na pombe zimo pia miongoni mwa visababishi, na moshi wa kuni unachunguzwa. Lakini kuiacha chai ipoe dakika chache hakugharimu hata senti.

Je, vifo vinaongezeka? Hapa tuwe waangalifu. Rejista za saratani za Eldoret na Kilimanjaro, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, huandika waliofika hospitali. Kipimo cha kamera inayoingizwa kooni kikisogea karibu na watu, idadi hupanda hata kama ugonjwa haujazidi. Vijana wakihamia mjini, kijiji hubaki na wazee, na saratani huonekana imeongezeka kwa sababu ya umri tu. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha hesabu kwa umri kabla ya kulinganisha mahali na mahali. Na aliyefia nyumbani akidhaniwa ana vidonda vya tumbo hayumo katika hesabu yoyote.

Tanzania iliwahi kuonyesha njia ya kuwahesabu watu kama huyo. Tangu 1992, mradi mmoja katika Hai, Morogoro vijijini na Dar es Salaam ulikuwa ukiwatembelea wafiwa na kuwauliza kwa upole marehemu aliuguaje, kisha madaktari wakasoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Saratani ya umio inafaa sana kwa njia hii, kwa kuwa familia haisahau ndugu aliyefariki kwa kushindwa kumeza. Mtendaji wa kijiji anapoandikisha kifo cha mtu mzima, aulize swali hilo moja: je, alikuwa akimeza vizuri? Jibu lipelekwe wilayani pamoja na jina la kijiji na umri wa marehemu.