Milio inayokera katika redio ya gari: Isikilize kabla ya kununua spika

WENYE magari wengi huamini kwamba redio inapoanza kuvuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, tiba ni kununua spika mpya au kubadilisha amplifaya.

Imani hiyo huwatia hasara bure. Aghalabu kiini cha mlio huo ni waya mmoja uliofungwa ovyo, na tiba yake haihitaji zaidi ya spana na kipande cha msasa.

Hasara huwa kubwa zaidi kwa wenye matatu, ambao muziki kwao ni sehemu ya biashara. Katika barabara nyingi za Nairobi, abiria vijana huchagua gari la kuabiri kwa kusikiliza muziki wake, na gari linalovuma badala ya kuimba huachwa kituoni likisubiri.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mlio huo si ugonjwa bali ni dalili. Kila aina ya mlio ina asili yake, na mwenye gari anayejua kuusikiliza humwelekeza fundi pa kuanzia, badala ya kununua kila kitu anachoambiwa anunue.

Asili ya milio

Gari lililozimwa hutegemea betri, ambayo ikiwa imejaa hutoa umeme wa takriban volti 12.6. Umeme huo ni mtulivu, hauna mawimbi.

Injini inapowashwa, alteneta huanza kuzalisha umeme na kupandisha kiwango hicho hadi kati ya volti 13.8 na 14.4 katika magari mengi. Umeme huo huzaliwa ukiwa wa kupanda na kushuka, kisha hunyooshwa na vifaa vidogo viitwavyo diodi. Hata hivyo, mawimbi madogo husalia, na yakipata njia ya kuingia katika amplifaya hukuzwa pamoja na muziki.

Ndiyo sababu mlio wa alteneta huwa mwembamba kama wa mbu, hupanda dereva anapokanyaga mafuta na kushuka anapoachilia.

Mlio wa pili ni ule wa ta-ta-ta unaofuata mwendo wa injini. Huo hutokana na cheche za plagi katika magari ya petroli. Plagi zilizo na kizuizi cha umeme ndani yake, ambazo nambari zake aghalabu huwa na herufi R, hupunguza usumbufu huo.

Injini za dizeli hazina plagi za cheche. Kwa hivyo, fundi anayemshauri mwenye basi la dizeli kununua plagi mpya ili kuiponya redio anafaa kutiliwa shaka.

Mlio wa tatu ni ule wa shhh, kama maji yanayokaribia kuchemka, usiobadilika hata injini inapozimwa. Mara nyingi huo husababishwa na amplifaya ambayo kidude chake cha kurekebishia nguvu ya mawimbi kimezungushwa hadi mwisho. Kukirudisha nyuma, kisha kuongeza sauti kwenye redio yenyewe, hutosha kuutuliza.

Kuna pia mtetemo usio na uhusiano wowote na umeme. Ikiwa mlango unalia pamoja na besi, aubonyeze mtu kwa kiganja muziki ukiendelea. Mlio ukikoma, kilicholegea ni skrubu au plastiki ya mlango.

Kusaka chanzo

Uchunguzi hufanywa gari likiwa limeegeshwa mahali pa wazi, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imevutwa. Kamwe injini isiachwe ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua.

Hatua ya kwanza ni kuwasha redio bila kuwasha injini. Mlio ukikosekana, kisha ukajitokeza mara injini inapowaka, macho yaelekezwe kwa alteneta, plagi na nyaya zao.

Hatua ya pili ni kubadilisha kinachochezwa. Ikiwa mlio husikika wakati wa kusikiliza stesheni za redio pekee, lakini hutoweka muziki unapotoka kwenye diski au kadi, basi usumbufu unaingilia erio. Mara nyingi kiungo cha erio huwa kimelegea au kimeshika kutu.

Hatua ya tatu ni kupunguza sauti hadi chini kabisa. Mlio ukififia pamoja na muziki, unaingilia redio yenyewe au kifaa kilichounganishwa nayo. Ukibaki vilevile, unaingilia mbele ya redio, yaani katika nyaya za mawimbi au kwenye amplifaya.

Hatua ya nne huamua kati ya hayo mawili. Mfumo mzima uzimwe, nyaya za mawimbi zichomolewe kwenye amplifaya, kisha iwashwe tena. Mlio ukikoma, amplifaya haina hatia. Taabu iko nyuma yake. Ukiendelea, ni amplifaya yenyewe au umeme unaoilisha.

Ni muhimu kuzima kabla ya kuchomoa. Nyaya za mawimbi zikichezewa umeme ukiwa unapita, sakiti nyororo ndani ya redio inaweza kuungua, na mlio uliokuwa mdogo ukawa wa kudumu.

Magari ya Japani na simu

Magari mengi nchini huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Redio za FM za huko zilitengenezewa masafa yanayoanzia megahezi 76, na nyingi huishia 90, ilhali stesheni za Kenya hupatikana kati ya 88 na 108.

Ili kuziba pengo hilo, mafundi hufunga kijisanduku kinachoshusha masafa kabla hayajafika kwenye redio. Kijisanduku hicho hupata umeme kutoka kwa gari na huunganishwa kwenye waya wa erio. Kikiwa duni, au kikifungwa vibaya, huleta mikwaruzo na kuchanganya stesheni. Anayesumbuliwa na mlio kwenye stesheni pekee aanze kukichunguza.

Usumbufu mwingine huletwa na simu. Wengi huiunganisha na redio kwa waya huku ikichajiwa kutoka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Hapo simu huwa imeungana na gari kwa njia mbili, na mlio wa alteneta hupenya. Jaribio ni kuchomoa chaja: mlio ukikoma, chanzo kimejulikana. Tiba ni chaja bora, au kifaa kidogo cha kutenganisha mawimbi kinachofungwa kwenye waya wa sauti.

Waya wa hasi

Hata hivyo, mshukiwa mkuu katika magari yaliyoongezwa amplifaya ni waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme urudi kwenye betri.

Redio inapofungwa hasi yake mbele na amplifaya ikafungwa yake kwenye buti, chuma kilicho kati yao huwa hakina kiwango sawa cha umeme kila mahali. Tofauti ikiwa hata sehemu ndogo ya volti moja, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, nayo ni ganda la waya wa mawimbi. Amplifaya haiwezi kutofautisha umeme huo na muziki, hivyo huvikuza vyote.

Kosa la kawaida ni kufunga waya huo juu ya rangi au kwenye skrubu ya kiti. Rangi haipitishi umeme. Sehemu hiyo yapasa kukwaruzwa kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha waya ukazwe kwa bolti. Uwe mfupi, ikiwezekana usizidi sentimita 45, na unene wake usipungue ule wa waya wa chanya. Baada ya kufungwa, sehemu hiyo ipakwe grisi au rangi ili isishike kutu, hasa kwa magari ya Pwani.

Nyaya za mawimbi nazo zisilazwe sambamba na waya mkubwa wa umeme. Mmoja upitishwe upande wa dereva na mwingine upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Kadhalika, waya wa chanya kutoka kwa betri lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa chuma unaweza kuliteketeza gari zima. Kabla ya kazi yoyote kwenye nyaya hizo, upande wa hasi wa betri ndio unaofunguliwa kwanza.

Vichujio vya umeme vinavyouzwa madukani vina kazi yake, lakini vinafaa kuwa suluhisho la mwisho. Kukifunga kichujio ilhali waya wa hasi umelegea ni kufunika kidonda bila kukiosha.

Isitoshe, kuna wakati ambapo mlio huwa onyo. Ikiwa nyaya zote ni sawa na mlio wa alteneta haukomi, fundi apime betri injini ikiwaka, mita ikiwa imewekwa kwenye umeme wa kupanda na kushuka. Kipimo kikizidi nusu volti, kuna uwezekano mkubwa kwamba diodi ya alteneta imekufa.

Alteneta ya aina hiyo hushindwa kuchaji betri ipasavyo, na hatimaye humkwamisha dereva barabarani usiku. Anayeongeza sauti ya muziki ili asiusikie mlio huo akumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.