Xournal++ na Safari ya Kutoka Linux

Xournal++ ni programu huria ya kuandika kwa mkono juu ya nyaraka za PDF. Mwalimu anayesahihisha insha huifungua faili, akapigia mstari sentensi yenye kosa, akaandika pembeni kwa kalamu ya skrini, kisha akairudisha kwa mwanafunzi. Asili yake ni Xournal, iliyoandikwa na mwanahisabati Denis Auroux kwa watumiaji wa Linux. Baadaye wengine waliiandika upya kwa lugha ya C++, na leo inatumika pia kwenye Windows na macOS.

Kuihamisha programu namna hiyo si kunakili faili. Programu inapotaka kufungua dirisha, kusoma waraka au kujua kalamu imegusa wapi, huuomba mfumo endeshi, na kila mfumo una namna yake ya kuombwa. Ndiyo maana programu iliyoandaliwa kwa ajili ya Linux haifunguki hivihivi kwenye Windows, hata prosesa ikiwa ni ileile. Kwa programu huria, msimbo chanzo uko wazi: mwenye ujuzi huuchukua, akaurekebisha na kuuandaa upya kwa mfumo mwingine bila kumpigia mtu magoti. Leseni ya GPL, ambayo Xournal++ huitumia, humtaka kwamba akisambaza toleo lake, na msimbo wake autoe.

Mzigo mkubwa hubebwa na maktaba za programu. GTK huchora madirisha na vitufe, Poppler huchora kurasa za PDF, na zote mbili zilikwisha kufika Windows. Kinachobaki ni kidogo kwa wingi wa mistari ya msimbo, lakini ndicho kinachochosha.

Chukua suala la anwani za faili. Kwa kawaida Xournal++ haiandiki ndani ya PDF yenyewe. Madokezo hukaa kwenye faili ya .xopp, ambayo ndani yake ni maandishi ya XML yaliyobanwa: kila mchoro wa kalamu ni msururu wa namba zinazoonyesha mahali ncha ilipopita. PDF iliyo chini ya michoro hiyo hutajwa kwa anwani tu. Kwenye Linux anwani inaweza kuwa /home/asha/insha.pdf, kwenye Windows ni C:\Users\asha\insha.pdf, mkwaju umegeuka na herufi ya diski imeongezeka. Mwalimu akihamisha .xopp peke yake, masahihisho yanafika bila insha. Programu iliyohamishwa vizuri haikati tamaa hapo. Humwomba mtumiaji aionyeshe PDF ilipo. Aliye na haraka na ausafirishe waraka mzima kuwa PDF mpya kabla ya kuutuma. Kuna pia mtego mwingine: kwa kawaida Linux huhesabu Insha.pdf na insha.pdf kuwa faili mbili, ilhali kwa Windows ni moja.

Kalamu ina taabu zaidi. Mkandamizo wa mkono ndio unaonenepesha au kukondesha mstari, na Windows ina njia mbili za kuupokea, Wintab ya zamani na Windows Ink ya karibuni. Maktaba ikisikiliza njia moja na kalamu ikapeleka habari kwa nyingine, mwandiko hutoka na unene mmoja tu, au kalamu hugeuka kuwa kama mausi.

Kwenye macOS kikwazo ni cha utaratibu. Apple hutaka programu isainiwe kwa cheti cha msanidi, na uanachama wa mpango wake wa wasanidi hugharimu dola 99 kwa mwaka. Programu isiyosainiwa humkaribisha mtumiaji kwa onyo la usalama, jambo linalowaumiza wasanidi wanaojitolea bila malipo.

Kazi haishi toleo la kwanza likitoka, kwa kuwa badiliko linalofaa Linux linaweza kuharibu kitu kwenye Windows. Seva zinaweza kuandaa matoleo ya mifumo yote mitatu zenyewe kila msimbo unapobadilika, na hivyo kunasa makosa mengi mapema. Kalamu haijaribiwi na seva. Hapo anahitajika mtu mwenye kifaa chenyewe, achore mstari na kuutazama.