Kijiji na Mji Mdogo: Istilahi za Utawala katika Kata ya Ihanda

Ihanda ni kata ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, katika nyanda za juu zenye vilima, mabonde, migomba na mibuni. Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, Ihanda ilibaki Karagwe. Lugha ya nyumbani ni Kinyambo. Lugha ya utawala ni Kiswahili.

Kimofolojia, neno kijiji ni udogo wa mji, kama vile kijito kwa mto na kijiti kwa mti. Kwa hiyo, kiumbo, kijiji ni mji mdogo. Kisheria, la hasha. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inakipa kijiji halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, pamoja na mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kata, ingawa iko juu yake, ina kamati ya maendeleo tu. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, isiweze kuigawa bila idhini ya mkutano huo.

Mamlaka ya mji mdogo, kwa upande wake, huundwa na vitongoji; vijiji vilivyokuwamo hukoma, na mikutano yake pia. Mkulima wa Ihanda aambiwapo kwamba mahali fulani "pamepandishwa hadhi" kuwa mji mdogo, kitenzi hicho cha sifa humfichia swali la nani atakayeidhinisha ugawaji wa ardhi.