Anaporudi Kufuta Kesi

Askari yeyote aliyewahi kukaa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi hapa Tanzania anaijua Jumatatu ya namna hii. Mwanamke aliyefika Ijumaa usiku jicho limevimba, akatoa maelezo, akapewa fomu ya polisi ya PF3 akaenda hospitali, sasa amerudi. Safari hii kaongozana na mama mkwe na mjomba wa mumewe. Anaomba kesi ifutwe. Mume bado yuko mahabusu. Askari anamuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Anajibu kwamba hakuna, haya ni mambo ya nyumbani, watayamaliza wenyewe.

Wengi wakisikia kisa hiki huishia kusema kwamba huyo kapenda mwenyewe. Nadhani kauli hiyo imetuchelewesha sana. Kufuta kesi ni uamuzi wenye hesabu ndani yake, na anayetaka kujua huduma zetu zinakwama wapi aanze kwa kuipitia hesabu hiyo, kwa sababu mwanamke huyu tayari alishapata ujasiri wa kwenda kituoni. Kilichomrudisha nyuma kilimkuta baadaye, kati ya Ijumaa na Jumatatu.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walishapigwa au kulazimishwa kingono na mwenza huyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 27. Kushuka huko kunatia moyo. Lakini katika utafiti ule wa 2015-16 kuna takwimu nyingine inayonigusa zaidi: asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume anaweza kuwa na haki ya kumpiga mkewe kwa sababu angalau moja kati ya walizotajiwa, kama kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kumwambia. Wanaume waliokubali hivyo walikuwa asilimia 40. Wanaopigwa wanakihalalisha kipigo kuliko wanaopiga. Sioni kwamba hapo wanawake wanakitetea kipigo. Naona matokeo ya mafunzo, maana msichana anayeolewa huwekwa ndani na kufundwa uvumilivu kwa siku kadhaa, na sijui kama kuna mahali kijana wa kiume anawekwa ndani kufundwa asipige.

Huduma ya kwanza anayoikimbilia mwanamke aliyepigwa ni ndugu zake, kabla ya polisi au hospitali. Anakwenda kwa shangazi, kwa mama, au anamwita mshenga. Hao wanampenda, na bado mara nyingi ndio wanaomrudisha. Pale ambapo mahari ililipwa kwa ng'ombe, huenda ng'ombe wale walishatoka zizini kwenda kumuolea kaka yake, na ndoa ikivunjika watadaiwa warudi. Pale ambapo hakuna ng'ombe, kuna chumba: nyumba ya wazazi ina vyumba viwili, mdogo wake wa kiume kaleta mke, na mwanamke anayerudi kwao anarudi na watoto watatu. Baba anaposema "rudi kwako mwanangu, ndoa ni kuvumilia", huenda kabla ya kusema alishahesabu vitanda.

Kwa hiyo familia inasuluhisha. Wazee wanaitwa, mume anaonywa, pengine anatozwa faini ya mbuzi, mke naye anaonywa kuhusu mdomo wake. Usuluhishi ni jambo jema pale watu wawili wanapogombana kuhusu mpaka wa shamba au fedha za mchango. Katika kipigo unakosea, kwa sababu unaanza kwa kuwaweka wote wawili kwenye mkeka mmoja kana kwamba kila mmoja ana kosa la kukiri, na mwanamke anatakiwa aseme yaliyompata mbele ya mtu atakayelala naye usiku huo huo.

Sheria zetu nazo zimeufuata mkondo huo. Si kwamba zinaruhusu kipigo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na kifungu cha 107 kinautaja ukatili, wa mwili au wa akili, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini kabla ya kufungua shauri la talaka, kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la Bakwata au la kanisa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu hicho kina orodha ya hali zinazomruhusu mtu kuliruka baraza: mwenzake kamtelekeza na hajulikani alipo, yuko nje ya nchi, kafungwa miaka mitano au zaidi, ana maradhi ya akili. Kipigo hakikutajwa. Mwanasheria mzuri anaweza kukipitisha kwenye kipengele cha mwisho kinachozungumzia mazingira yasiyo ya kawaida, lakini wanawake wengi hawana mwanasheria, wala mzuri wala mbaya.

Turudi kwenye Ijumaa ile. Akitoka kituoni na PF3 mkononi, anakwenda hospitali, daktari anampima na kujaza alichokiona, kisha fomu inarudi polisi kuwa ushahidi. Kama alilazimishwa kingono, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo kila saa ya foleni ina thamani yake. Ndiyo maana vilianzishwa vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja bila mtu kuzungushwa. Ni wazo zuri, na palipo na kituo hicho tofauti inaonekana. Shida ni kwamba vingi viko kwenye hospitali za mijini, na anayetoka kijijini anatakiwa awe na nauli ya kwenda na kurudi, ya mtoto anayenyonya, na ya siku ya pili atakapoitwa tena.

Jumamosi inaanza hesabu. Mwenye bodaboda inayoleta hela ya chakula yuko ndani. Mkataba wa nyumba umeandikwa jina la mume, na kodi ya miezi sita inaisha mwezi ujao. Ndugu wa mume wamekuja, si wote kwa ukali. Mama mkwe analia kweli, anamwambia amemfunga baba wa watoto wake. Ada ya mtihani haijalipwa. Sheria inasema mtoto wa chini ya miaka saba kwa kawaida abaki na mama, lakini ukoo unamwambia watoto ni wa baba, na yeye hajawahi kuisoma hiyo sheria. Juu ya yote anaogopa siku mume atakapotoka kwa dhamana. Hofu hiyo ina msingi: wanaofanya kazi na manusura wanajua kwamba wakati wa kuondoka, na miezi inayofuata, ndio wakati wa hatari kubwa kuliko wote. Ukiweka haya yote upande mmoja, na upande wa pili ukaweka kesi itakayoitwa mwezi ujao na kuahirishwa, utaona kwa nini Jumatatu yuko kituoni na mama mkwe.

Upande wa pili wa meza nao unaumia. Askari aliyemwona mwanamke yule yule akifungua na kufuta, kisha akafungua tena, anaanza kuchoka. Haandiki maelezo kwa umakini kama mara ya kwanza, anamwambia aje kesho. Namwelewa, lakini safari ya tatu au ya nne ndiyo ya kuogopwa zaidi, na anayepokelewa kwa baridi siku hiyo huenda asirudi tena. Madawati haya yako zaidi ya 400 nchini, mengine bado yako kwenye kona ya kaunta ambako kila aliyekuja kuripoti simu iliyoibwa anasikia. Maafisa ustawi wa jamii ni wachache kuliko kata wanazotakiwa kuzihudumia. Nyumba salama ni chache zaidi; zile zinazojulikana mkoani Mara, Butiama na Mugumu, zilianza kwa ajili ya mabinti wanaokimbia kukeketwa.

Kinachokosekana, basi, kiko baada ya kuripoti. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani mwaka 2015, Uganda ilitangulia mwaka 2010. Kupitia sheria hizo mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi ya kumzuia mpigaji asimkaribie aliyepigwa, na mwanamke akabaki na watoto wake badala ya yeye kuwa ndiye wa kufungasha. Utekelezaji wake huko una mapengo mengi, ila mwanamke ana kitu cha kuomba kabla hukumu ya jinai haijafika. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya namna hiyo. Tuna makosa ya shambulio katika Kanuni ya Adhabu, ambayo hujibu swali la nani afungwe, na tuna Sheria ya Ndoa, ambayo hujibu swali la nani aachane na nani. Swali la nani alale wapi wiki hii halina mwenyewe.

Wakati tunasubiri sheria, kuna ngazi iliyo karibu. Mpango wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliunda kamati hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Nyingi hukutana kuandika taarifa. Zingeweza kufanya kazi nyingine: kujua kabla ya tukio ni nani mtaani ana chumba, ni mzee gani anayeheshimiwa na mpigaji na hatakuwa na huruma naye, na nani atamsindikiza mama huyo mahakama ya mwanzo kudai matunzo ya watoto wakati kesi ikiendelea. Fedha kidogo za mwezi wa kwanza, za chakula, nauli na sare ya shule, zingeokoa kesi nyingi kuliko semina. Na ndugu nao wana nafasi yao: anapofika usiku na mtoto mgongoni, wamfungulie, wampe pa kulala, na swali la alimfanya nini mumewe wasimuulize, usiku huo wala kesho yake.