Moshi umeisha, makaa ni mekundu: hapo ndipo hatari inapoanza

Kama umepanga Chaka, au Kiganjo, Naro Moru, hata Nanyuki, unaijua Julai. Mlima Kenya umejifunika wingu kutwa, jua hulioni, na ikifika saa moja usiku sakafu ya simiti ya bedsita inakuwa kama barafu. Unafanya nini? Unawasha jiko la makaa nje, unangoja moshi uishe, kisha unaliingiza ndani. Ugali unaiva, keja inapata joto. Unafunga dirisha, unaziba mwanya wa chini ya mlango kwa tambara na kuingia kitandani. Fiti kabisa.

Shida ni kwamba moshi uliouacha nje haukuwa hatari kubwa zaidi. Hiyo umeibeba ukaingia nayo.

Inaitwa kaboni monoksaidi. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Haikukohoshi, haikutoi machozi. Hutokea makaa, kuni, mafuta taa au petroli ya jenereta inapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Hata meko ya gesi yaliyoharibika yanaweza kuitoa.

Makaa ni hatari hasa kwa sababu huungua polepole bila mwali. Moto wenye mwali mzuri huunguza sehemu kubwa ya gesi hiyo kabla haijasambaa. Makaa yanayong'aa tu huiachilia ikajaa chumbani. Na ukifunga dirisha, oksijeni inapungua, jiko linazidi kutoa sumu. Kwa hivyo usidanganywe na ule wekundu unaopendeza.

Inakudhuru vipi? Kwenye damu kuna hemoglobini, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi mwili mzima. Chukua mfano wa matatu ya abiria 14 inayotoka Nyeri kwenda Nanyuki. Oksijeni ni abiria anayepanda na kushuka kila steji. Kaboni monoksaidi ni yule anayeketi na kukataa kushuka: hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Matatu inaendelea kuzunguka, lakini viti vimejaa. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia mapema.

Dalili zake ni za kawaida mno, na ndiyo maana wengi hawazishuku: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, akili kuchanganyikiwa. Unaamka asubuhi ukidhani ni homa, malaria au uchovu wa kazi ya jana sokoni, unameza dawa ya maumivu na kuendelea na shughuli. Jioni unarudi kwa jiko lile lile.

Jichunguze hivi. Je, kichwa kinauma bila joto la mwili kupanda? Je, mnaoishi pamoja mnaugua siku moja? Je, unapata nafuu ukitoka nje, kisha inarudi ukiingia? Ukijibu ndiyo, ishuku hewa ya nyumba.

Anayekumbana nayo akiwa macho anaweza kuhisi vibaya akatoka. Aliyelala hana nafasi hiyo, kwani anaweza kupoteza fahamu bila hata kuamka. Watoto wachanga, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo wako hatarini zaidi. Kwa mjamzito, gesi hiyo humfikia mtoto aliye tumboni.

Kuna mambo ambayo watu huambiana mitaani na hayasaidii. Kuweka sufuria ya maji kando ya jiko hakunyonyi gesi hii. Kunywa maziwa hakuiondoi kwenye damu. Kuliweka jiko sakafuni nawe ulale juu kitandani pia si kinga, maana uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa, hivyo huchanganyika chumba kizima. Jiko la kisasa lenye udongo ndani linakuokolea makaa, lakini halifanyi iwe salama kulala nalo. Na ukuta wa mbao au mabati wenye nyufa hauizuii isimfikie jirani.

Si rahisi kumwambia mtu aache makaa. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya familia nchini hupikia kuni, na kwa wengi mjini kununua makaa ya mkebe mmoja ni rahisi kuliko kutoa hela za kujaza mtungi kwa mkupuo. Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia mwaka 2023, ila bado si kila mfuko unaimudu. Basi kama ni makaa, fanya hivi:

Pikia nje au barazani. Kama lazima upikie ndani, fungua dirisha na mlango ili hewa ipite.

Ukimaliza kupika, jiko litoke nje. Makaa yaliyofunikwa na jivu huendelea kutoa gesi hata ukidhani yamezimika.

Joto la usiku litafute kwingine: blanketi ya ziada, soksi, chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa nguo.

Usizibe matundu ya hewa. Kama nyumba haina, ongeeni na landlodi kama wapangaji wote, si mmoja mmoja.

Ukiweza, nunua kifaa cha betri kinacholia gesi hii ikizidi. Kile cha kutambua moshi pekee hakiitambui.

Ukimkuta mtu amezirai penye jiko, usikae humo ukimwita jina. Fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi haraka na upige 999 au 112. Akizinduka, bado apelekwe hospitali. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni ya hospitali, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi. Na mwambie daktari wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani, asije akaanza kwa kutafuta malaria.